Sukari ya Siku ya Nne

Mara ya kwanza niliimwaga yote pamoja,
kilo moja na nusu, siku ileile ya kwanza,
nikafunga ndoo, nikajipongeza.
Sikujua hamira ina tabia za watoto wa harusini:
ukitanguliza kaimati, wali hauliwi.
Ikala sukari, ikashiba, ikalala,
ikauacha uji wa kimea palepale, mzito, umenuna,
na bia yangu ikatoka kama dawa ya kikohozi
iliyosahauliwa dirishani.
Nilikunywa chupa mbili kwa ukaidi.
Zilizobaki nilizimimina chooni usiku, moja moja,
majirani wasije wakahesabu.

Hapa Mikindani, ghorofa ya tatu,
joto halipigi hodi.
Ndoo naiketisha kwenye beseni la maji,
naivika shuka kuukuu lililolowa,
nabadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni
kama muuguzi wa zamu.
Syombua anasema
hata mapacha wetu hawakuogeshwa hivi.

Aliyenifundisha sukari ni Bi Saumu wa chini,
asiyeonja, asiyetaka hata kunusa,
mpika kaimati wa mtaa mzima.
Alinikuta ngazini na sufuria ya shira
iliyogeuka chenga, ngumu kama chumvi ya mawe.
"Umeikoroga," akasema. "Shira haikorogwi.
Na ndimu yako iko wapi?"
Akaniketisha jikoni kwake.
Sukari, maji ya kuilowesha tu, nusu ndimu,
moto mdogo, mikono mapajani.
Tukaitazama ikipita rangi zake:
maji, kisha asali changa, kisha chai ya rangi,
kisha ule wekundu wa kokwa la tende,
na hapo akazima, kabla uchungu haujaingia.
"Sikuulizi ni ya nini," akasema.
Sikumwambia. Alijua.
Bomba la choo letu ni moja,
na ule usiku haukupita bila harufu.

Basi safari hii nilisubiri.
Siku ya kwanza, kimea peke yake.
Ya pili, povu likasukuma kifuniko.
Ya tatu sikuigusa, ingawa mkono uliwasha.
Ya nne, vishindo vilipoanza kupungua,
nikaiteremsha shira iliyopoa, kidogo kidogo,
na ndoo ikashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.
Wiki tatu. Kipimo cha kioo kikazama
hadi mstari ambao sikuwahi kuuona.

Baba alikuja Jumapili.
Mzee Nzioki, karani wa mizani ya miwa
miaka ishirini na mmoja kule kiwandani,
hadi lango lilipotiwa kufuli
na mishahara ya miezi tisa ikabaki ndani.
Tangu hapo chai yake haina sukari.
Anasema fungu lake alilimaliza kwa pua.

Nikammiminia. Povu jeupe, chini yake shaba.
Akanusa: tende, alisema, na moshi wa mbali,
kama wa mashamba yakichomwa kabla ya kukatwa.
Akanywa. Akangoja utamu. Haukuja.
Ulikuja ukavu, safi, kama sahani iliyofutwa,
na nyuma yake nguvu, taratibu,
ikivua viatu mlangoni.

"Si umesema umetia kilo moja na nusu?"
"Ndiyo, baba."
"Iko wapi?"
"Imeliwa. Yote."

Akaizungusha bilauri kwenye mwanga wa dirisha,
akaikagua kama anayesoma mizani.
"Wewe angalau," akasema, "unawajua walioila."
Kisha akaisogeza mbele,
niongeze.